Mpangaji Asiyekunywa Maji

"Mama, hii ni mara ya tatu nakwambia. Nyumba namba tisa ina mtu."

"Mtu gani asiyekunywa maji?"

"Unasemaje?"

"Haogi, hapiki, hafui, na chooni haendi. Mwezi wa pili sasa. Kama ni mgonjwa sema, tumwitie daktari."

Dalali akaweka kalamu mezani. Ofisi yake ni chumba kimoja chini ya ngazi za jengo lenyewe, na feni yake inapuliza upande wake tu.

"Nani kakwambia haogi?"

"Mita."

Hapo ndipo nilipojichongea.

Nilikuwa nimevaa koti la kazi na kofia ya kazi, na kitabu cha usomaji nimekikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Dalali akaliangalia koti. Akakiangalia kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwangu. Akaichukua tena ile kalamu, akaandika namba yangu ya kazi kwenye kiganja chake.

"Asante, mama," akasema. "Sasa nenda kasome mita."

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita kwenye safu hii ya gazeti, habari yenyewe ni hii. Jengo ninaloishi na binti zangu wawili linabomolewa mwisho wa mwezi. Mimi ni mjane, nina stashahada ya ufundi wa maji, nina kazi ya kudumu ya kusoma mita, na ni mweusi. Hayo matatu ya kwanza hayajawahi kuninyima nyumba.

Nilipiga simu kwenye nyumba saba. Kwenye simu sauti yangu ni ya mtu yeyote, kwa hiyo zote saba niliambiwa njoo, hata leo hii njoo. Nilipofika, zote saba zilikuwa zimechukuliwa nikiwa njiani. Ya saba ndiyo hiyo namba tisa. Dalali aliniangalia kutoka mlangoni, akasema kwa masikitiko kwamba ina mpangaji tangu mwezi uliopita, na kwamba aliyepokea simu yangu alikosea. Aliyepokea simu yangu alikuwa yeye.

Wengi mliniandikia baada ya wiki iliyopita, nashukuru. Mmoja alinishauri nipake krimu. Nilimwandikia majibu, mhariri akayazuia.

Sasa tuendelee. Siku kumi baada ya kunyimwa, mwenzangu anayesoma mita za mtaa ule alishikwa na mgongo, nikapewa njia yake. Nikafungua kitabu kwenye ukurasa wa lile jengo. Namba tisa: 4418. Mwezi wa nyuma yake: 4418. Wa nyuma yake tena: 4418. Mistari mitano, mwandiko mmoja, namba moja.

Mtu mwenye busara angefunga kitabu akaenda zake. Mimi nilishuka ngazi nikaenda kuuliza. Mengine mmeyasikia.

*

Mkuu wa kitengo chetu tunamwita Koki, kwa sababu kazi yake ni kufunga. Kesho yake asubuhi akaniita. Mbele yake kulikuwa na barua ya dalali, imepigwa chapa, ina saini na muhuri.

"Nisomee mwenyewe, bosi, miwani nimeiacha."

Akasoma. "'Mama huyu alifika ofisini kwangu tarehe nane kuulizia nyumba namba tisa. Nilimweleza kwa adabu kwamba nyumba hiyo ina mpangaji tangu mwezi uliotangulia. Tarehe kumi na nane alirudi akiwa na sare ya idara yenu, akatumia siri za mteja kunitisha.'" Akainua macho. "Umetumia siri za mteja?"

"Nimesema mteja haogi."

"Hiyo ni siri ya mteja."

"Mteja hayupo, bosi."

"Hata kama hayupo. Siri yake ipo."

Nikapewa barua ya onyo na kuondolewa kwenye njia ile. Idara yetu ina utaratibu mzuri: ukipewa onyo, unabaniwa pamoja nayo nakala ya mashtaka, ili usije ukasema umeonewa bila kuambiwa kosa. Nikazikunja zote mbili nikaziweka kwenye mkoba.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Mchana nikaenda ofisi ya malalamiko ya wapangaji. Sikujua kama ipo. Ipo, nyuma ya ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, ina karani mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba. Ukutani kumebandikwa sheria. Inasema ni kosa kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi yake au asili yake. Ni sheria nzuri. Ilikuwa nyuma ya kabati.

"Mmeshinda kesi ngapi?" nikamuuliza.

"Mbili."

"Mwaka huu?"

"Tangu nianze kazi."

"Ulianza lini?"

"Nastaafu mwakani, mwanangu. Kaa hapo."

Nikakaa. Akaniambia, "Kila anayeingia humu anajua kanyimwa kwa ajili ya rangi. Mimi najua. Dalali naye anajua. Lakini mbele ya baraza, kujua hakusaidii. Niletee karatasi mbili zenye saini yake. Moja aseme nyumba ina mtu. Nyingine aseme haikuwa na mtu. Na aliyepewa asiwe wa rangi yako. Hapo nitamfunga kamba mwenyewe."

Nikafungua mkoba nikatoa barua ya mashtaka. "Ya kwanza hii hapa."

Akaisoma mara mbili. Akaivua miwani.

"Kaandika mwenyewe?"

"Kwa hiari yake. Alikuwa ananishtaki."

Mama yule alicheka mpaka muhuri ukaanguka chini ya meza. Kisha akauokota, akauweka mahali pake.

"Na ya pili?"

"Ya pili sina."

"Kitabu chako cha mita?"

"Mali ya idara. Nikikitoa nje, nafukuzwa, halafu nitakuwa sina nyumba wala kazi."

"Basi tafuta mtu mweupe," akasema, "akaulize hiyo nyumba."

*

Mtu mweupe ninaye mmoja. Ni wifi yangu.

Marehemu mume wangu alikuwa wa rangi ile inayopewa nyumba, na huyu ni dada yake. Anashona mapazia. Siku ya harusi yetu alivaa nyeusi, akasema ndiyo iliyokuwa safi. Tangu kaka yake afariki tunaheshimiana, maana yake tunaonana mara chache.

Nilimwomba kitu kimoja: aende akaulize, na akijibiwa ipo, aombe wamwandikie. Basi. Asubiri karatasi, aniletee.

Siku ya pili akaja kwangu jioni, hajavua hata viatu.

"Wifi, nyumba tumepata."

"Nilikutuma ukaulize."

"Nimeuliza, nikapewa. Ulitaka nikatae? Dakika nane tu. Kazi yangu sikuulizwa, nilikotoka sikuulizwa, chai nimeletewa. Makabidhiano Jumamosi saa nne. Nimeshapima madirisha."

"Kwa jina la nani?"

"Langu. La kwako lingepita wapi?"

Binti zangu walikuwa mezani. Mkubwa ana miaka kumi na minne, tunamwita Wakili, kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kushindwa ubishi. Rangi kachukua kwa baba yake, huwezi kumtofautisha na shangazi yake. Mdogo ana miaka mitano, yuko katikati. Kwenye mwanga mzuri anapita.

"Kwa hiyo mkataba ni wako," nikasema, "na tutakaokaa ni sisi."

"Ndiyo."

"Na dalali akituona?"

Wifi akaanza kunyoosha kitambaa cha meza, ambacho kilikuwa kimenyooka.

"Nimemwambia nitakaa na wanangu wawili," akasema. "Na dada wa kazi."

Nikahesabu watu waliokuwa chumbani. Haikuwa hesabu ngumu.

"Wanao wawili ni akina nani?"

"Wifi, bwana."

"Na dada wa kazi ni nani?"

"Usinifanye niseme."

"Sema, shangazi," akasema Wakili. "Tunasikiliza."

Wifi akamgeukia yeye badala yangu. "Ni mbele ya dalali tu. Na mlinzi wa getini. Na majirani wa ngazi ile. Mkishafunga mlango, mama yenu ni mama yenu kama kawaida."

"Mkishafunga mlango," nikasema.

"Wifi, una siku kumi. Una nyumba nyingine?"

Sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni mpango wa dharura, nao ulikuwa hivi: Wakili akakae kwa mwalimu wake, mdogo akakae kwa shangazi yake, na mimi nilale kwenye stoo ya idara pamoja na mita mbovu mpaka Mungu apende. Nilikuwa nimeuandika huo mpango kwenye daftari, nikaupigia mstari.

Sasa nifike pale ambapo nilitaka kuparuka. Mhariri aliniambia hadithi ya kuungama haina maana kama mtu anaungama makosa ya wengine tu. Haya.

Nilikubali.

Nilikubali, na kwa siku kadhaa nilimkalisha mwanangu wa miaka mitano kwenye kigoda na kumfundisha asiniite mama.

"Ukitaka maji utasemaje?"

"Mama, naomba maji."

"Hapana. Dada, naomba maji."

"Wewe si dada. Dada ni huyu."

"Ni mchezo."

"Mchezo wa nini?"

"Wa nyumba mpya. Ukipatia unapata biskuti."

Ana akili mtoto wangu. Kufikia Alhamisi alikuwa amemaliza pakiti nzima na hakosei. Ananiita dada akiamka, dada akienda kulala. Usiku wa Ijumaa aliota, akalia usingizini, akaniita dada.

Wakili hakubisha. Aliyasikia yote, akafungasha vitabu vyake kwenye boksi. Siku tatu hakunisemesha. Nimeshawahi kuliona tingatinga likiangusha ukuta wa jengo la jirani, na lilinitisha kidogo kuliko ule ukimya.

*

Jumamosi saa nne kasorobo tulikuwa getini.

Wifi alivaa gauni la kwenda benki. Mimi nilivaa aproni na kitambaa kichwani, nikabeba ndoo na ufagio. Ndoo ilikuwa wazo langu. Kama unafanya jambo la aibu, lifanye vizuri.

Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba dalali atanitambua. Alikuwa ameniona mara mbili, mara ya kwanza na gauni langu zuri, mara ya pili na sare. Akatokea na ubao wake wa kuandikia, akampa wifi mkono, akawashika watoto kichwa, akanipita. Hakunitambua. Mara zote mbili alichokiona kwangu ni rangi; usoni hakuwahi kufika.

Tukapanda ghorofa ya tatu. Njiani akawa anampa wifi sifa za jengo.

"Hapa ni patulivu, mama. Utalala vizuri. Hatuchanganyi."

"Hamchanganyi nini?" akauliza Wakili. Wifi akakohoa.

"Watu, binti. Unanielewa."

"Sikuelewi."

Dalali akacheka. "Huyu ana akili. Kachukua kwako, mama."

"Ndiyo," akasema wifi. Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema.

"Juzi juzi tu hapa," dalali akaendelea, "kulikuwa na mmoja wao, kaja na sare ya maji, kunifokea mimi ofisini kwangu. Nikampeleka kwa mwajiri wake, akanyooshwa. Hao ukimpa mmoja nyumba, kesho ameleta ukoo. Au siyo?"

Nikainamia ndoo. Ndoo ilikuwa tupu, lakini niliinamia.

"Mh," akasema wifi.

Mlango wa namba tisa ulikuwa umeshafunguliwa kwa ajili ya kutuonyesha, ufunguo mmoja unaning'inia kwenye kitasa kwa ndani. Vyumba viwili, jiko, dirisha linaloangalia mti. Kuta zilikuwa kavu. Nilizigusa nilipodhani hakuna anayeniona. Ufunguo wa pili dalali akamkabidhi wifi, naye akautia kwenye mkoba.

Kisha akatoa fomu ya makabidhiano. Ninaijua ile fomu. Kila jengo lenye mita za nyumba moja moja linayo, ina karatasi tatu zenye kaboni katikati: nyeupe ya dalali, ya waridi ya mwenye jengo, ya njano ya mpangaji. Mpangaji akiingia, yeye na dalali wanasoma mita pamoja, wanaandika namba, wanasaini, ili asije akadaiwa maji ya mtu mwingine. Nimeziona mamia. Wiki ile, kwa kufikiria biskuti, sikuikumbuka hata moja.

Mita iko nje, pembeni ya mlango, chini kabisa, ndani ya kisanduku cha chuma.

"Wewe dada," dalali akaniambia, "inama unisomee. Kiuno changu kibovu. Namba unazijua?"

"Kidogo."

Nikapiga magoti. Nikafungua kisanduku, nikaondoa utando wa buibui, nikafuta kioo kwa kidole gumba. Nimefanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja, mara mia kwa siku. Mkono haukujua kwamba leo mimi ni mtu mwingine.

"Elfu nne mia nne na kumi na nane," nikasoma. "Sindano nyekundu kwenye sita."

Kalamu ya dalali ikasimama.

"Dada yako anasoma kweli kweli, mama."

"Alisoma soma," akasema wifi.

Dalali akaandika. Bado nilikuwa nimepiga magoti, na ubao wake alikuwa ameuegemeza kwenye paja, kwa hiyo fomu ilikuwa usawa wa macho yangu. Ina safu mbili. Kutoka na Kuingia. Chini ya Kutoka, siku mpangaji wa zamani alipohama, kulikuwa na tarehe ya miezi mitano iliyopita, 4418, na saini ya dalali. Chini ya Kuingia, wino haujakauka, tarehe ya leo, 4418, saini ya dalali.

Katikati ya namba hizo mbili, ndipo alipokuwa anaishi yule mpangaji niliyeambiwa.

Wifi akasaini. Bado sikuwa nimeamua lolote, msinipe sifa nisizostahili. Niliiona karatasi ya pili, ile aliyoisema karani, umbali wa mkono wangu. Na niliziona zile kuta kavu. Nikaendelea kupiga magoti.

"Na hapa chini aliyesoma mita," akasema dalali. "Zamani nilikuwa najaza mwenyewe, siku hizi mwenye jengo anataka msomaji asaini. Shika, dada. Kama hujui kuandika weka dole, wino huu hapa."

Akanipa ubao. Nikasimama nao.

Mdogo alikuwa amekaa kimya muda wote, na siku ilikuwa ya joto, na ngazi zilikuwa nyingi. Akanivuta aproni.

"Dada," akasema, wazi kabisa, bila kosa hata moja, "naomba maji."

Kisha akaniangalia akisubiri biskuti.

Dalali hakushtuka. Wifi hakushtuka. Mlinzi aliyepanda na masanduku yetu hakushtuka. Mchezo ulikuwa umekubali.

"Mimi si dada yako," nikasema.

Nilisema kwa sauti. Ngazi za jengo lile zina mwangwi.

"Wifi," akasema wifi.

"Mimi ni nani?" nikamuuliza mtoto.

Akamwangalia shangazi yake. Akamwangalia dalali. Nilikuwa nimembadilishia mtihani katikati, maskini.

"Mama?"

"Sema usiogope. Omba vizuri."

"Mama, naomba maji."

"Subiri kidogo. Mama anasaini."

Nikauegemeza ubao ukutani. Nikaandika majina yangu, yote matatu. Nikaandika cheo: Msomaji Mita, Daraja la Kwanza. Nikaandika namba ya kazi, ile ile aliyoiandika kwenye kiganja. Sikuweka dole.

Dalali akainama kusoma. Aliisoma ile namba taratibu, midomo ikicheza. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, akaniangalia usoni.

"Wewe!"

"Ndiyo. Yule wa sare."

"Lete hiyo fomu."

"Yako hii." Nikachana nakala ya njano, nikamrudishia ubao na nyeupe yake na ya waridi yake. Ya njano nikaikunja mara nne nikaitia ndani ya blauzi, mahali ambapo dalali mwenye adabu hawezi kuifuata.

"Mama, huyu ni nani?" dalali akamuuliza wifi. "Si ulisema ni mtumishi wako?"

Wifi aliushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mlinzi!" dalali akaita. "Njoo umtoe huyu!"

Mlinzi akaweka sanduku chini, lakini aliliweka polepole sana, kama mtu anayebeba mayai. Nikamwangalia vizuri. Alikuwa wa rangi yangu.

Kufikia hapo nilikuwa nimeamua, na nikiamua huwa sikai nikakitazama nilichoamua. Nikainama, nikaigeuza koki ya mita robo duara, maji yakafunguka. Nikamshika mdogo mkono. Wakili alikuwa ameshaingia ndani kabla sijamwita, na ndoo kaibeba yeye. Nikaingia. Nikafunga mlango. Nikageuza ufunguo mara mbili, nikautoa kwenye tundu.

Ngumi zikaanza kugonga.

"Fungua! Naita polisi!"

"Waite," nikamjibu. "Waambie una mpangaji tangu mwezi uliopita hujamwona. Tumtafute wote."

Kugonga kukakoma. Nikamsikia akimgeukia wifi, sauti yake imebadilika, imekuwa ya chai na ya dakika nane.

"Mama, samahani kwa usumbufu huu. Wewe ndiye mwenye mkataba. Una ufunguo wa pili. Fungua tu, huyu atoke, anipe ile karatasi, na mimi na wewe tuendelee kama tulivyopatana. Usipofungua, nitajua mlikuwa pamoja, na mkataba naufuta hapa hapa."

Nikaweka sikio mlangoni.

"Mama," akasema Wakili. Neno la kwanza kwangu kwa siku tatu. "Shangazi ana ufunguo."

"Najua."

"Atafungua?"

"Sijui. Ni shangazi yenu."

Nje, zipu ya mkoba ikafunguka.

Mdogo alikuwa amesimama jikoni, anaangalia bomba. Hakuwa amesahau alichoomba. Glasi hatukuwa nayo, kwa hiyo nikaweka ndoo kwenye sinki na kufungua bomba mpaka mwisho. Bomba likakohoa. Likatema hewa. Likatoa maji mekundu ya kutu, kama yanavyotoka kwenye nyumba yoyote isiyokaliwa.

"Mama, machafu."

"Yamekaa miezi mitano," nikamwambia. "Acha yatoke kwanza."

Nikasikia ufunguo unagusa tundu. Sikugeuka. Bomba nikaliacha wazi.